Vumbi Lipewe Kilemba Chake

Kila kompyuta inapozima, vumbi hushitakiwa kwanza na kutetewa mwisho. Mashine ikianza kunguruma, ikichemka, ikijifunga katikati ya barua, mwenyewe huipeleka kwa fundi. Fundi hufungua skrubu, na wote wawili hutikisa vichwa mbele ya ule utando wa kijivu uliojaa kwenye feni. Hukumu imeshatoka. Hakuna anayeuliza kama mshitakiwa ana wakili. Makala haya yanajitolea kumtetea, na yanaanzia pale watunga sifa wanapoanzia wakimsifu mtu mkubwa: kwenye nasaba.

Vumbi haliingii kwenye kompyuta kwa wizi. Chipu zote za prosesa na kumbukumbu hutengenezwa kwa silikoni, na silikoni hutolewa kwenye kwatzi, jiwe ambalo likisagika huwa mchanga. Vumbi linalotimka kwenye barabara ya udongo, iwe ya Shinyanga au ya Turkana, lina punje za kwatzi hiyo hiyo. Tofauti ni bahati tu. Mmoja alichukuliwa kiwandani, akayeyushwa, akasafishwa, akakatwa vipande vyembamba na kuitwa teknolojia. Mwingine akabaki barabarani akikanyagwa na ng'ombe na bodaboda. Punje inapovutwa na feni na kutua juu ya prosesa, ni ndugu wa kijijini amekuja kumwona aliyefanikiwa mjini, na kama ilivyo desturi hakusema ataondoka lini. Kwa upande wa pili wa ukoo, vumbi la ndani ya nyumba ni nyuzi za nguo, nywele na magamba ya ngozi ya wenye nyumba. Anayelilaani anajilaani mwenyewe kidogo.

Wakubwa wa viwanda wanalijua jina lake na wanaliogopa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanafizikia Willis Whitfield wa maabara ya Sandia huko New Mexico, Marekani, alibuni chumba ambacho hewa iliyochujwa hushuka kutoka darini na kutokea sakafuni bila kukoma, ili punje zisipate nafasi ya kuzurura. Viwanda vya chipu vilijengwa juu ya wazo hilo. Katika chumba cha daraja la juu kabisa kwa viwango vya ISO, mita moja ya ujazo ya hewa hairuhusiwi kuwa na zaidi ya punje 10 zenye ukubwa wa sehemu moja ya elfu kumi ya milimita au zaidi. Wafanyakazi huvaa mavazi yanayowafunika kuanzia utosini hadi vidoleni, na si kwa ajili ya kujikinga. Wanaikinga chipu na vumbi linalodondoka kutoka kwao. Ni masultani wachache waliowahi kuogopwa kiasi hicho.

Ushindi wake mkubwa wa karne hii, hata hivyo, haukupatikana kiwandani. Mwaka 2015 Apple ilitoa MacBook ya inchi 12 yenye kibodi mpya, ambayo vitufe vyake vilikaa juu ya vijibawa vya umbo la kipepeo. Utaratibu huo ulikuwa mwembamba kwa asilimia 40 kuliko wa zamani, na wembamba wenyewe ulisifiwa jukwaani. Kitufe kilibonyea kwa sehemu ndogo ya milimita, na chini yake hapakubaki nafasi ya kitu chochote. Vumbi likaona nafasi hiyo hiyo inalitosha. Punje moja ilitosha kuifanya herufi igome, au ibonyezwe mara moja ijiandike mara mbili. Oktoba 2017 mwandishi wa Marekani Casey Johnston alisimulia alivyohangaika na kitufe cha nafasi kilichokuwa kikiruka mara mbili, na alivyokaa dukani mashine ikipimwa mara ya tatu huku mhudumu akikisia kwamba huenda ni punje ya vumbi.

Maelekezo rasmi ya Apple yanastahili kusomwa polepole. Mwenye kompyuta aliambiwa aishike ikiwa imeinuliwa kwa pembe ya nyuzi 75, apulize hewa ya kopo kutoka kushoto kwenda kulia, aigeuze ilalie upande mmoja, apulize tena, aigeuze upande wa pili, apulize tena. Mtu aliyetoa zaidi ya dola 1,000 alijikuta sebuleni akikadiria nyuzi 75 kwa macho, kwa sababu ya kitu asichokiona. Juni 2018 kampuni ikatangaza kwamba itazitengeneza kibodi hizo bure. Mwaka huo huo ikatandika utando laini chini ya vitufe vya matoleo mapya. Novemba 2019 ikaanza kurudi kwenye utaratibu wa zamani, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kuimaliza kesi ya wateja. Vumbi halikufika mahakamani hata siku moja.

Lakini hiyo ilikuwa sherehe. Siku za kawaida vumbi hufanya kazi taratibu, tena kwa adabu. Ndani ya kompyuta mpakato, feni huvuta hewa na kuisukuma kwenye mapezi membamba ya chuma yanayopokea joto la prosesa. Nywele na nyuzi hunasa kwanza kwenye mdomo wa mapezi, punje ndogo hushikana nazo, na baada ya miezi unatokea utando mzito unaoweza kuvutwa kwa kibanio ukatoka mzima. Hewa ikishindwa kupita, feni huongeza mwendo. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzijoto 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi zenyewe, na joto likizidi hapo mashine hujizima. Basi tazama mpangilio: kelele kwanza, kisha joto mapajani, kisha uvivu, na kuzima mwisho kabisa. Muuaji gani mwingine wa kompyuta hubisha hodi mara tatu kabla ya kuingia?

Tena hata baada ya kuingia hubembelezeka. Mazungumzo haya husikika kila wiki Kariakoo, na kwa lafudhi nyingine Luthuli Avenue, Nairobi.

"Kaka, inazima yenyewe. Nadhani imekufa."

"Haijafa, dada. Imebanwa pumzi."

Fundi anashika feni kwa kidole ili isizungushwe na upepo wa blowa, maana ikizungushwa kupita kiasi huharibika. Anapuliza. Anapitisha brashi ya kupakia rangi, anafuta pesti iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya. Jioni mashine inarudi kazini, mteja amelipa pesa ndogo kuliko alivyohofia, na fundi amepata nauli, chakula na kodi ya meza yake. Huenda msomaji akadhani vumbi linavishwa kilemba cha ukoka. Alilinganishe na wapinzani wake, kisha aseme.

Aanze na kapasita, kile kikopo kidogo cha alumini kinachosimama kwenye mazabodi kikiwa na kimiminika cha kemikali ndani. Kuanzia mwaka 1999 hivi hadi 2007, vikopo vibovu kutoka viwanda vya Asia vilifungwa kwenye kompyuta za kampuni nyingi kubwa, vikavimba vichwa na kuvuja. Nyaraka za mahakamani, zilizoripotiwa na gazeti la New York Times mwaka 2010, zilionyesha kwamba kati ya Mei 2003 na Julai 2005 Dell ilisafirisha kompyuta zisizopungua milioni 11.8 zilizokuwa katika hatari ya kufa kwa ugonjwa huo. Idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin ilipolalamika, ilijibiwa kwamba imezichosha mashine kwa hesabu ngumu. Idara ya hisabati, hesabu. Hata kampuni ya mawakili waliokuwa wakiitetea Dell ilikuwa na mashine zipatazo 1,000 za aina hiyo, na ikapata taabu kutengenezewa.

Ni kweli kwamba joto hufupisha umri wa kapasita. Kanuni wanayoitumia wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata nusu ya maisha yake, na vumbi ndilo linalozuia joto lisitoke. Shitaka la kushirikiana, basi, linaweza kusikilizwa. Lakini vikopo vile vilikufa hata katika ofisi zenye viyoyozi, zinazofagiwa kila asubuhi.

Umeme nao una tabia gani? Hukatika bila salamu, na hatari zaidi ni pale unaporudi. Friji, pampu na pasi za mtaa mzima huwaka kwa pamoja, volti huyumba, na pawa saplai iliyotarajia 230 hupokea kisichotarajiwa. Pah! Harufu inafuata. Hakuna brashi ya kusaidia hapo.

Vumbi limesingiziwa pia vifo vya diski kuu, na huo ni uzushi mtupu. Diski ya sahani zinazozunguka imefungwa, na kitundu chake cha kupumulia kina chujio, kwa kuwa kichwa kinachosoma huelea nanomita chache tu juu ya sahani na punje ya kawaida ingekuwa mlima mbele yake. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kuchunguza diski zaidi ya 100,000. Zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne zilizotegemewa kutabiri kifo. Diski ilikuwa nzima jana, leo haipo, na picha za harusi zimeondoka nayo. Anayetaka mnafiki wa kumchukia anaye hapo.

Wapo pia wauaji wanaotumia kalamu. MacBook Air ya mwaka 2008 ilitoka kiwandani kumbukumbu yake ikiwa imelehemiwa kwenye bodi, na MacBook Pro ya skrini ya Retina ya mwaka 2012 betri yake ikiwa imegandishwa kwa gundi. Kampuni nyingine zikaiga. Betri ya lithiamu huchoka baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, hilo linajulikana tangu kiwandani, na bado ikabandikwa mahali ambapo fundi lazima aipashe joto na kuibandua kwa hofu. Halafu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikaacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wake wa kawaida. Prosesa nyingi zilizotoka kabla ya mwaka 2018 hazimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Mashine zisizo na kosa, nyingine zimesafishwa hadi zinang'aa, zikatangazwa wazee kwa tangazo. Vumbi halijawahi kuua kwa tarehe.

Serikali nazo zina makadirio yao. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 huiweka kompyuta katika daraja linalopungua thamani kwa asilimia 37.5 kila mwaka. Mwaka wa tatu ukiisha, kwenye vitabu haijabaki hata robo. Mhasibu amekwisha kuizika, nayo bado inachapa risiti dukani ikiwa imejaa vumbi hadi kwenye matundu ya USB. Mwaka 2016 iliripotiwa habari ya gereji moja mjini Gdańsk, Poland, iliyokuwa ikitumia Commodore 64, kompyuta iliyozinduliwa mwaka 1982, kusawazisha shafti za magari kwa zaidi ya miaka 25. Mashine hiyo ilikuwa chafu kupindukia na ilishapona mafuriko. Haina feni, kwa hiyo vumbi lilikaa juu yake kwa heshima na kuiacha ifanye kazi.

Kasoro yake moja kubwa ni marafiki. Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, vumbi huandamana na chumvi ya bahari. Chumvi hunyonya unyevu, na msimu wa mvua ule utando mkavu hugeuka kuwa kitu chenye majimaji kinachoweza kupitisha umeme kati ya nyaya mbili zisizopaswa kukutana. Shaba huota kutu ya kijani. Mafundi wa Mombasa na Unguja huifahamu rangi hiyo kabla hawajaambiwa mashine imetoka wapi. Hapo wakili hana la kusema, ila kwamba mteja wake, akiwa peke yake, Dodoma au Tabora, hana tabia hiyo.

Na ajabu ni kwamba wanaolichukia sana ndio huzimaliza kompyuta zao mapema. Yuko anayeifunika mashine kwa kitambaa cha kufuma na kukisahau juu ya matundu ya hewa ikiwa imewashwa. Yuko anayeiweka kitandani, shuka likaziba mdomo wa feni, akaamini ameiepusha na uchafu wa mezani. Joto lile lile, kwa juhudi zaidi.

Sasa ajira ya vumbi imeanza kupunguzwa. Mwaka 2020 Apple hiyo hiyo ilitoa MacBook Air yenye chipu ya M1 isiyo na feni kabisa, na simu, ambazo kwa watu wengi ndizo kompyuta pekee, hazikuwa na feni tangu mwanzo. Mapezi hakuna, mdomo wa kuziba hakuna. Vumbi halikulalamika. Lilihamia kwenye tundu la chaja, likajishindilia na nyuzi za mfukoni hadi waya usiingie wote, na sasa kuna foleni nyingine kwenye meza za mafundi. Wateja wamekuja na chaja mpya walizonunua bure, na fundi anaomba kijiti cha meno.