Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Kitengo cha Madai, Kuhusu Viatu Vyangu

Kwako Mkuu wa Kitengo cha Madai,
Ghorofa ya nne (lifti mbovu),
Dar es Salaam.

YAH: KUOMBA KUULIZWA MASWALI MAPEMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu wa mwaka wa kumi na moja, mwenye gari dogo aina ya IST la mwaka 2004, rangi ya fedha kote isipokuwa boneti, ambayo tangu Machi ina kijivu cha fundi anayengojea pesa zenu.

Naanza na sifa, maana sitaki uone nimekuja kwa shari. Kitengo chenu cha mauzo ni kizuri mno. Mmekiweka chini, mlangoni kabisa, penye kiyoyozi na bakuli la pipi za mnanaa, na kijana mchangamfu ambaye katika miaka kumi na moja hajawahi kunichelewesha zaidi ya dakika nane. Kadi ya gari? Hii hapa. Thamani yake? Milioni kumi na mbili, kasema yeye mwenyewe, hata kulitazama gari hakutoka. Asilimia 3.5 ikawa 420,000, akajumlisha VAT ya asilimia 18, tukafika 495,600. Nikalipa kwa simu, na stika ikasoma kwenye mfumo pipi ikiwa bado mdomoni.

Hakuniuliza kama naona vizuri. Hakuniuliza nimeshika usukani miaka mingapi, gari linalala wapi, nakunywa au sinywi. Angekuja kipofu na pesa zake mkononi, angetoka pale na bima kubwa na pipi mbili.

Mimi nina miaka 57, ni mwalimu, na nasimama kwenye zebra hata anapovuka kuku, mpaka walio nyuma yangu wananipigia honi na kuniambia nikapike. Nina mpwa wangu, ana miaka 23 na Crown iliyoshushwa chini, ambaye Barabara ya Mandela saa nane za usiku huipita kama mtu anayefukuzwa na marehemu. Hadi sasa ameshagonga nguzo ya umeme, ukingo wa barabara ya mwendokasi, na mbuzi mmoja wa watu kule Kibaha. Asilimia anayotozwa ni ileile yangu, 3.5. Na kwenye bima ndogo mambo ni yaleyale: 118,000 kwa gari la mtu binafsi, liwe la kwenda kanisani Jumapili na kurudi, liwe la kushinda njia ya Morogoro wiki nzima.

Hata Serikali, ambayo sijasikia mwenye gari akiisifu kwa huruma, mwaka 2017 ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari ikaihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Anayetembea sana akawa analipa sana, na gari lililo juu ya mawe likaachwa lipumzike. Mdogo wangu anaishi Leicester. Kijana wake alipopata leseni, kampuni ya bima ilimfungia kisanduku garini, kinaangalia anavyofunga breki na saa anazorudi nyumbani. Huko Ulaya wamewachunguza madereva wao hadi mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikabidi iwazuie kuwatoza mwanamke na mwanamume bei tofauti. Wenzenu walizuiwa na mahakama kwa kuwajua wateja kupita kiasi. Ninyi kwa kesi ya namna hiyo laleni usingizi.

Sasa tuje Machi. Saa moja asubuhi, Buguruni, foleni haiendi. Mbele yangu kuna kirikuu imejaza matenga ya nyanya. Dereva wake akachoka kusubiri, akatia gia ya nyuma apate nafasi ya kuchepuka, akanijia mzimamzima. Taa ya kulia ikapasuka, bampa ikaning'inia, shoo ikavunjika, na tenga moja likamwagika lote juu ya boneti. Kina mama wa sokoni wakaja kuokota. Nzima wakatia kwenye vikapu vyao, zilizopasuka wakaniachia. Trafiki akaingiza namba ya kirikuu kwenye simu yake, akatikisa kichwa: bima ndogo imekwisha tangu Januari. Nikasema moyoni, afadhali mimi.

Nikakusanya PF 90, PF 93 na PF 115, nakala ya leseni, nakala ya kadi, picha za gari likiwa na nyanya na picha za gari likiwa halina nyanya, nikapanda kwenu. Ngazi ni sabini na mbili. Nimezipanda mara kumi na tisa, kwa hiyo nina haki ya kuzihesabu. Huko juu nikapokewa na kijana wako, mwenye adabu na kalamu tatu mfukoni, na ndipo nikagundua kwamba kampuni yenu ina maswali. Kumbe yote mliyaweka ghorofa ya nne!

Ulikuwa mwendo gani, mama? Nilikuwa nimesimama. Yaani kama ngapi hivi? Sifuri. Akaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa: "Mwendo haukuthibitika." Nani mwingine huendesha gari hili? Hakuna. Hata kulitoa getini tu? Hata getini. Usiku ule nililala saa ngapi? Nilikunywa dawa yoyote ya mafua? Kwa nini nilipita Buguruni wakati kuna njia nyingine? Miwani hii niliinunua lini, na risiti yake iko wapi? Halafu akaweka kalamu chini, akanitazama kama daktari mwenye majibu mabaya, akauliza: "Siku ile ulivaa viatu gani?"

Sikukumbuka. Nani anakumbuka? Akachora nyota pembeni ya swali, na nyota hiyo, Mkuu, ndiyo inayong'aa kwenye faili langu hadi leo. Kila nikipanda naambiwa bado kuna kipengele kimoja hakijakamilika.

Pamoja na nyota hiyo, baada ya miezi minne mmenipa ofa. Fundi bodi wa Gerezani alikadiria 760,000, pamoja na kunyoosha na kupiga rangi. Mkadiria hasara wenu alilizunguka gari kwa dakika sita, simu sikioni. Mmekubali 310,000, na mmenitaka nitie saini kwamba sina dai lingine milele. Taa mmeilipa nusu, kwa sababu ya uchakavu. Nimejitahidi kuelewa. Mlipochukua asilimia 3.5, mliichukua kwenye gari zima, taa zote mbili zikiwa kamili. Hakuna aliyenong'ona pale kwenye kiyoyozi kwamba, mama, hii ya kulia tunaikatia bima upande mmoja tu. Au basi mniuzie hiyo taa nusu niliyolipiwa, nikaifunge.

Kwa miaka kumi na moja hamkutaka kunijua. Nilikuwa namba ya usajili na muamala uliofanikiwa. Siku moja tu, moja, nimekuja kuwahitaji, nimekuwa mtuhumiwa wa kosa la kusimama kwenye foleni. Na mimi mwenzenu ni mtu wa bima kubwa, nasoma, naandika, nina magoti ya kupandia ngazi. Jirani yangu mmoja ni dereva wa bodaboda. Mwaka juzi basi lilimpitia mguu. Basi lilikuwa na bima, ile ya lazima chini ya Sura ya 169 ya sheria, iliyowekwa kwa ajili ya mtu kama yeye na si mwingine. Akaambiwa alete PF 3, akaleta. Akaambiwa alete hukumu ya mahakama, akaanza kuifuata. Akauza pikipiki apate nauli ya kuifuatia hukumu. Leo anauza vocha chini ya mwavuli, mguu ameunyoosha kwenye kigoda, na wenye basi wamehuisha bima yao mara mbili bila kuulizwa swali lolote. Kama hapo kuna cha kuchekesha, nionyeshe.

Samahani, Mkuu. Nimepandisha sauti kwenye barua rasmi.

Nimekuja na ombi, na ningependa lifike kwenye kikao cha bodi. Kwa kuwa imedhihirika kwamba kinachoamua kama mtu alipwe au asilipwe ni viatu, naomba bima yangu ya mwaka ujao isikatwe tena kwa thamani ya gari. Ikatwe kwa viatu.

Utaratibu wake si mgumu. Mtamtuma mkaguzi nyumbani kwangu Tabata, Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakuwa kali. Atanikuta nimevipanga barazani, jozi zote tisa, vimepigwa kiwi. Chai itakuwepo na vitumbua vitakuwepo. Atakipitia kimoja kimoja, atakunja soli, ataingiza mkono ndani, na akiona haja ya kunusa kwa sababu za kitaalamu sitamzuia. Raba zilipe asilimia mbili, maana zinashika pedeli. Viatu vya mchuchumio vilipe saba, na vile vya harusini visipokelewe kabisa. Kandambili za bafuni ziingie kwenye bima ndogo: zikiteleza alipwe aliyegongwa, mwenye kandambili atajijua. Yeboyebo nashauri muwe nazo makini, kwani mizigo ya Zambia na Kongo inafika Tunduma kwa nguvu za mguu ulio ndani ya yeboyebo, na mkizipandishia bei bandari itawalaumu. Wanaoendesha pekupeku, ambao kwenye daladala hawakosekani, wapewe punguzo, kwa kuwa hawana soli ya kuchakaa.

Halafu kuna katambuga. Nakuomba hapa utulie. Katambuga inashonwa kwa tairi la gari. Mtu aliyevaa katambuga ndani ya gari dogo anatembea na matairi sita bila kuhesabu spea. Akipata pancha anaweza kuvua kimoja. Dereva wa namna hiyo msimtoze kitu. Mlipeni.

Ukaguzi ukiisha, kila soli ibandikwe stika yenye namba na iingizwe kwenye mfumo. Trafiki akinisimamisha pale Matumbi hatahangaika na kioo. Atasema, "Shikamoo mama, naomba uinue mguu." Ataingiza namba kwenye simu. Cha kushoto kikisoma na cha kulia kikawa kimekwisha Januari, faini yangu ni elfu thelathini, nami nitailipa nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja wenye bima. Nikinunua kiatu kipya katikati ya mwaka, nitapanda ngazi sabini na mbili kuomba kiongezwe kwenye mkataba. Nikiazima cha dada yangu, nitajaza fomu ya dereva wa ziada. Mpwa wangu ana jozi moja tu, raba nyeupe, nazo huzivua akipanda gari ili zisichafuke. Huyo mtaamua wenyewe. Na soli ikilika, mkate uchakavu kama mlivyoikata taa yangu. Sitafungua mdomo. Nitakuwa nimeliona jedwali lenu kabla sijatoa pesa, na hilo kwenu litakuwa jambo geni.

Maombi mengine ni madogo na hayahitaji bodi. Lifti. Zile pipi za mnanaa, angalau kumi, zipandishwe hadi kwako. Yule anayetuma ujumbe wa kunikumbusha kuhuisha bima, ambaye kwa miaka kumi na moja hajachelewa hata siku moja, na safari hii kanikumbusha mara tatu huku dai langu likiwa mezani kwako, tafadhali ahamishiwe kitengo chako hata kwa wiki mbili. Wakala aliyeniuzia bima ya kwanza na kuniita "bosi wangu" mara sita kwa dakika, kama bado mnaye, mwambieni simu yake tangu Machi haipatikani na nina wasiwasi na afya yake. Na ile zawadi ya miaka kumi bila kudai chochote nimeipokea kwa mikono miwili: kalenda na kalamu. Kalamu haiandiki. Barua hii nimeiandika kwa kalamu ya shule.

Nategemea ushirikiano wako mwema.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mteja wa mwaka wa kumi na moja,
Tabata.

Nakala:
Kitengo cha Mauzo, chini, kwenye kiyoyozi.
Fundi bodi, Gerezani, aendelee kuvuta subira.

Tanbihi: Kuhusu lile swali lenye nyota, nimekumbuka. Foleni ya Buguruni ilikuwa haijasogea tangu saa kumi na mbili na nusu, miguu imeanza kuvimba, nikavivua nikavisukumia chini ya kiti cha abiria. Nilikuwa pekupeku. Mwambie kijana aandike.