Uswahilini Ukingoni mwa Mto Colorado

Kuna watu Minnesota wenye nyumba kubwa, uwanja mbele na uwanja nyuma, ambao Januari ikifika hufunga milango na kwenda kubanana. Hilo sikulijua mpaka dada yangu na mumewe waliponichukua tuikimbie theluji, tukaishia kwenye kambi ya magari-nyumba kando ya mto Colorado, upande wa California, chini kidogo ya bwawa la Parker. Nilitegemea jangwa, ukimya na ndege. Nilikuta uswahilini.

Sitanii. Toka dirisha letu hadi la jirani ni hatua chache tu. Ukipiga chafya, upande wa pili wanakuombea afya. Asubuhi kila mzee yuko barazani kwake, chini ya turubai lililokunjuliwa kutoka ubavuni mwa gari, kikombe cha kahawa mkononi, akisubiri kuona nani anapita na amebeba nini. Wametoka North Dakota, Alberta, Saskatchewan, na wengi wao wameshika nafasi ile ile waliyokuwa nayo msimu uliopita. Manzese ya Dar es Salaam angalau watu hubanana kwa sababu ya kodi. Hawa wamelipa ili wabanane.

Shemeji ni dereva wa malori. Njia nzima kutoka Minnesota alitusimulia milima aliyoishuka na barafu. Nafasi yetu ilikuwa kati ya mtende na gari la jirani lenye thamani ya mtaa mzima. Alipoanza kurudi nyuma, wazee wakaja na viti vyao vya kukunja. Kweli, walibeba viti. Mmoja akaelekeza kulia, wa pili kushoto, wa tatu akapiga kelele asimame, dada akasema twende. Shemeji, ambaye kwenye lori hutegemea vioo vyake tu, siku hiyo akaamua kusikiliza watu. Mtende ulisalimika, taa ya nyuma haikusalimika. Watazamaji wakapiga makofi, kisha mmoja akaleta utepe mwekundu wa kubandika, upesi mno kwa kitu kisichotumika mara kwa mara.

Usiku jangwa hugeuka. Mchana ulivaa fulana, sasa unatafuta blanketi la pili. Nguzo yetu ya umeme ilikuwa ya ampea 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600 kwa matumizi yote. Hita ilikuwa inakula 1,500, birika 1,500 nyingine, na hapo dada akawasha kikausha nywele. Giza.

"Wamekata!" akapaza sauti, na sote tukakimbilia dirishani kutazama kama na kwa jirani pia kumekatika. Kwa jirani kulikuwa kweupe. Kwa mtu aliyekulia Tanzania, hakuna upweke kama kukatikiwa umeme peke yako. Shemeji akatoka na msuli wake kwenda kupandisha swichi nguzoni, upepo ukimfanyia utani. Mzee wa Saskatchewan, aliyekuwa nje na kaptura katika baridi ile, akamuuliza kwa upole: "Kikausha nywele?"

Mzee huyo huyo ndiye aliyegundua kwamba shemeji ameiacha wazi koki ya tangi la choo tangu tulipofika, kwa nadharia kwamba kinachoingia na kitoke. Akaeleza, kwa mikono zaidi kuliko maneno, kwamba maji hutangulia na kile kingine hubaki kikajenga kichuguu. Koki hufungwa mpaka tangi likaribie kujaa, ndipo hufunguliwa yote yaondoke kwa kishindo. Halafu linafuata tangi la maji ya sinki, lisuuze bomba. Kilichotokea baadaye, cha glavu na ndoo, dada amenikataza kukiandika.

Shemeji alifarijika aliposikia kwamba mto huu umewahi kuaibisha wakubwa kuliko yeye. Mwaka 1934 gavana wa Arizona, Benjamin Moeur, hakutaka bwawa la Parker lijengwe kupeleka maji California, akatuma askari wa jimbo lake wakalinde ukingo. Walipoingia mtoni kupeleleza, boti zao zikanasa kwenye nyaya, na waliokwenda kuwanasua ni watu wa California, mahasimu wenyewe. Bwawa lilikamilika 1938.

Majimbo hayo hadi leo hayakubaliani hata saa. Majira ya baridi Arizona hutangulia kwa saa nzima, na simu ikiwa ukingoni hushika mnara wowote unaoipendeza. Basi kambi ikatangaza chakula cha pamoja saa kumi na moja jioni, kila gari lije na sufuria lake. Dada akapika pilau. Tukatoka saa kumi na moja na nusu, kwa adabu za kwetu, tusionekane wenye njaa. Ukumbini hapakuwa na mtu ila mama mwenyekiti akitandika meza. Simu zetu zilikuwa zimevuka mto bila sisi. Pale ilikuwa ndiyo kwanza kumi na nusu.

Mama wa watu alifurahi karibu alie. Hajapata, alisema, kuona wageni wanaowahi namna hii. Kabla pilau haijapoa alikuwa amemteua shemeji mtunza saa wa mashindano ya Jumamosi ya kutupa viatu vya farasi, na shemeji, bila hata kupepesa, akamjibu kwamba kwao ndivyo watu wanavyolelewa.