Baraza la Mfuniko wa Sufuria

Mpwa wa mume wangu amerithi jina la babu yake, kwa hiyo nyumba nzima tunamwita Babu. Ana miaka miwili na nusu, na akiitwa hageuki. Mume wangu, ambaye ndiye mjomba mtu, hakuliona hilo kuwa tatizo. "Huyo ni Babu bwana, anangoja aamkiwe."

Tukacheka. Mama mkwe, anayemwita mjukuu wake "mume wangu" tangu alipotolewa arobaini, hakucheka. "Mume wangu hanisikii," alisema, akaamua kumpima masikio kwa vyombo vya jikoni.

Jumamosi wifi yangu huenda kazini na kutuachia mtoto hapa Tabata. Babu alikuwa kibarazani akipanga vifuniko vya soda mstari mmoja, kazi anayoweza kuifanya toka chai ya asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, na ole wake atakayesogeza kimoja. Mama mkwe akanyata nyuma yake na mfuniko wa sufuria la pilau, akaugonga kwa mchi. Mume wangu akajimwagia chai mapajani. Paka akatokea dirishani, lakini kwanza alipita ndani ya beseni la unga wa chapati. Jirani akaja mbio na ndoo ya mchanga akidhani mtungi wa gesi umelipuka. Babu akaongeza kifuniko kingine kwenye mstari.

Jirani, kwa kuwa alishafika, akakaa na kutoa hukumu: ni sindano ya surua iliyomharibu. Hapo nilimkatiza. Uvumi huo ulipata nguvu Uingereza mwaka 1998, kwa makala ya daktari Andrew Wakefield katika jarida la Lancet. Mwaka 2010 jarida lenyewe liliifuta, na daktari akafutwa kwenye orodha ya madaktari.

"Basi akatwe kamba ya ulimi," akasema jirani, maana hukumu alikuwa nazo nyingi.

"Wavulana huchelewa kusema," akaongeza mume wangu huku akijipepea mapaja.

Wakiwa katikati ya ubishi, mwanangu akachana pakiti ya biskuti chumbani, mlango umefungwa. Babu akaacha vifuniko vyake, akatoka mbio. Hakunyoosha kidole wala hakusema "nipe". Alinivuta mkono, akakibandika kiganja changu juu ya pakiti kama mtu anayetumia koleo.

Baraza likanyamaza. Nikatoa kadi ya kliniki kwenye begi lake. Mstari wa uzito ulipanda vizuri, na alama ya mwisho ilikuwa ya chanjo ya miezi 18. Baada ya hapo mtoto hakurudi kliniki, na ndio umri ambao mambo haya huanza kuonekana. Kwa kawaida wa mwaka mmoja hugeuka akiitwa jina, wa mwaka na nusu huonyesha kitu kwa kidole, wa miaka miwili huunga maneno mawili. Asiyefanya hayo huenda hasikii vizuri, huenda ana usonji, huenda amechelewa kusema tu. Mfuniko wa sufuria hauwezi kutofautisha.

Sasa nani amwambie mama mtu? Mume wangu alisema hayo ni mambo ya wanawake. Mimi ni wifi, na neno la wifi, hata likiwa dawa, hupokewa kama sumu. Kazi akapewa mama mkwe kwa sharti moja: aseme alichokiona, jina la ugonjwa amwachie daktari.

"Mnampigia mwanangu masufuria?" wifi alifoka jioni ile. Tukapata haki yetu kila mmoja kwa zamu, kuanzia mfuniko hadi biskuti alizozikataza. Alipochoka akaketi. "Amekushika mkono na wewe? Mimi hunivuta hivyo hivyo hadi kwenye friji. Baba yake ananiambia natafuta maradhi yasiyokuwepo."

Hospitali walianza na masikio. Yakawa mazima, akaandikiwa kwenda kliniki ya makuzi ya watoto. Kwa kuwa wifi hapewi ruhusa kazini kila wiki, tumegawana safari. Mjomba mtu amepangiwa Jumatano, kwa nauli yake mwenyewe, na kila akiuliza kwa nini yeye, mama mkwe humjibu kwamba wavulana huchelewa kuelewa.