Sifa za Mgambo wa Kodi

Dunia imewasifu wengi wasiostahili: wapambe wa wagombea, makuwadi wa harusi, hata majogoo wanaowika saa nane usiku. Mgambo wa kodi hajapata wa kumsifu. Mtu aliyetuamsha alfajiri miaka yote ile, akatuhesabu kama mchungaji anavyohesabu kondoo, anastahili walau ukurasa mmoja.

Nazungumzia mgambo wa kodi ya maendeleo, ile tuliyoiita kodi ya kichwa kwa sababu ilidaiwa kwa kila mwenye kichwa, kiwe na kitu ndani au kisiwe nacho.

Sifa yake ya kwanza: alikujua kwetu. Nyabusozi yetu, huku Biharamulo, bwana shamba akija mara moja kwa msimu husema amepotea njia. Mgambo hakupotea. Alikuja gizani, bila tochi, akapita nyumba tisa zilizokwishalipa na kubisha hodi ya kumi. Serikali nzima ilikuwa na mtu mmoja tu aliyejua mlango wetu wa mbele, na wa nyuma aliujua zaidi.

Sifa ya pili ni michezo. Wazee waliolalamikia magoti kanisani Jumapili, Jumatatu waliruka mtaro na kupotea migombani kabla mbwa hajamaliza kubweka. Nakumbuka asubuhi moja mama amesimama mlangoni.

"Mama, shikamoo. Mzee yupo?"

"Marahaba. Mzee amesafiri, baba."

Mgambo akainama, akagusa vikombe viwili vya uji vilivyokuwa juu ya kigoda. Vyote vya moto. Akavitazama, akamtazama mama, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Basi mpaka arudi salama, tutamtunzia mbuzi wake."

Akaondoka na mbuzi. Siku ya tatu baba akarudi kutoka safari yake ya hatua mia mbili, akauza debe la maharage, akamkomboa. Tangu siku hiyo mbuzi yule aliitwa Stakabadhi, na alipozaa, watoto wake tuliwaita Nakala.

Sifa ya tatu: alitufundisha kutunza karatasi. Zamani hizo kitambulisho cha taifa hakijafika, stakabadhi ya kodi ndiyo iliyokuwa pasi ya kwendea gulioni. Mwanamume aliikunja mara nne, akaifunga kwenye nailoni na kuiweka mfuko wa shati, upande wa moyo. Picha ya mke ilikaa mfuko wa nyuma.

Tena mgambo hana asili ya juzi. Wajerumani, ambao boma lao bado limesimama Biharamulo mjini, walianza kudai kodi ya nyumba Tanganyika mwaka 1898, rupia 3 kwa kibanda cha shamba. Watu wakajibana wengi katika kibanda kimoja. Waingereza wakaushtukia ujanja huo, na sheria yao ya 1922 ikahesabu nyumba, kisha ikahesabu na kichwa cha kijana asiye na nyumba. Serikali ya Mwalimu ikaifuta kodi ya kichwa mwaka 1969. Miaka ya 1980 halmashauri ziliporudishwa, nayo ikarudi, imebadilisha jina tu, kama mdaiwa aliyehamia kijiji kingine.

Juni 2003 Waziri wa Fedha, Basil Mramba, akasoma bajeti bungeni na kuifuta. Tulishangilia. Wazee wakatoka migombani wakati wa mchana, wengine wakagundua wamekwishanenepa.

Lakini angalieni aliyekuja kuchukua nafasi ya mgambo. Tangu 2021, wenzetu wa mijini kodi ya majengo wanakatwa kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, zikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Mita haibishi hodi. Haiamkii. Haigusi kikombe. Huwezi kuiambia kwamba mzee amesafiri, wala kuisihi ingoje maharage yakauke. Kibaya zaidi, haijui nyumba ni ya nani: mpangaji ananunua umeme wa taa moja, anakatwa kodi ya jengo la mwenye nyumba, kisha anaambiwa wakaelewane wenyewe. Mgambo wetu, pamoja na kirungu chake, hakuwahi kumfunga mbuzi wa jirani kwa deni la baba.

Ndiyo sifa yake kuu, nami siiondoi: alimjua anayemdai, akaja kumdai usoni.

Kwa hiyo, msomaji, ukinunua umeme leo, usikimbilie kuingiza zile tarakimu ishirini. Soma ujumbe mpaka mwisho. Mgambo yumo humo ndani, amekwishachukua mbuzi, na safari hii hukuachiwa hata nafasi ya kukimbia.