Mfungwa Asiyeonekana: Mwongozo kwa Mkuu wa Gereza la Bia

Hongera. Bia yako ya kwanza imeiva gerejini, hamira imemaliza kazi, na umechoka kuosha chupa 50 moja baada ya nyingine. Sasa unataka kegi. Basi ujue kwamba kuanzia leo umekuwa mkuu wa gereza, na mfungwa wako ni gesi ya ukaa. Haonekani, hanuki, halali. Usiku na mchana anatafuta tundu.

Hatua ya 1: Jua sheria. Hapa Marekani, bia ya nyumbani ilihalalishwa na sheria aliyoitia saini Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Mtu mzima anayeishi peke yake anaruhusiwa galoni 100 kwa mwaka. Nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, galoni 200. Kuuza ni mwiko.

Hatua ya 2: Jenga gereza. Tafuta kegi ya Cornelius, pipa la chuma cha pua la galoni 5, yaani lita 19 hivi, lililozaliwa kubeba sharubati ya soda. Zilizotumika kwa Pepsi na zilizotumika kwa Coca-Cola haziingiliani viungio, kwa hiyo chagua ukoo mmoja ubaki nao. Kisha mtungi wa gesi, regyuleta na mpira.

Sasa hesabu askari wako: oringi tano. Moja kubwa kwenye kifuniko, mbili kwenye vichwa vya kuingizia gesi na kutolea bia, mbili ndogo chini ya vichwa hivyo, shingoni mwa mirija. Nunua mpya zote. Zipake grisi inayoruhusiwa kwenye chakula, nyembamba, mpaka zing'ae.

Hatua ya 3: Funga lango. Bia ikishaingia kegini, fungulia gesi hadi geji isome 30, paundi kwa inchi ya mraba. Msukumo huo ndio unaokikalisha kifuniko sawasawa. Kabla ya kukifungua siku yoyote, vuta kwanza vali ya usalama, upepo wote utoke.

Hatua ya 4: Fanya msako. Mtungi wangu wa kwanza, wa ratili 5, uliisha kwa siku mbili. Geji haikunionya, kwa sababu gesi ya ukaa mtungini ni kimiminika: sindano hukaa palepale mpaka kimiminika kiishe, ndipo inaanguka. Mtungi hupimwa kwa mizani.

Nikachukua sifongo na maji ya sabuni, nikapita kiungo kwa kiungo. Kwenye nati inayoshika regyuleta kikatokea kipovu kimoja, kidogo kama punje ya mtama. Kikavimba taratibu hadi kikawa kama jicho la chura, kikapasuka, na kingine kikaanza palepale. Chini ya nati ile, washa ya plastiki ilikuwa na ufa. Hapo tepu ya fundi bomba haisaidii kitu, maana kinachoziba ni washa, hesi hazizibi. Weka mpya, kaza kwa spana, paka sabuni tena.

Usipoona kipovu, mtege. Chomoa kegi, jaza gesi kwenye mpira peke yake, funga mtungi, ukalale. Asubuhi sindano ikiwa imeshuka, mtoro yumo kwenye mpira au regyuleta. Ikiwa imesimama, rudi kwa askari wako watano. Usiufanye mtego huu kegi yenye bia isiyo na gesi bado ikiwa imeunganishwa: bia hunywa gesi, sindano ikashuka bila mtoro yeyote.

Hatua ya 5: Jilinde. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hujikusanya chini, na katika chumba kidogo kilichofungwa inaua. Ukihisi kizunguzungu au pumzi kukatika, toka kwanza. Kuvuja kutasubiri. Mtungi usimame wima, ufungwe kwa mnyororo.

Hatua ya 6: Subiri. Weka kegi kwenye friji, nyuzi 3 au 4 za Selsiasi, shusha geji hadi 12, uiache wiki moja hadi mbili. Mfungwa atazunguka kila kiungo na kukuta askari macho. Ndipo atakapobakiwa na njia moja tu: kuzama ndani ya bia. Fungua bomba, inamisha bilauri. Lile povu jeupe linalopanda ni yeye, ametoka kwa mlango uliomchagulia.