Muhadhara Mkuu Juu ya Viatu vya Mbio, Uliotolewa Moba-Port

Waheshimiwa wakaaji wa Moba-Port, wazee wetu mlioshuka kutoka Kirungu, akina mama mlioacha meza za ndakala kwa ajili ya elimu, nanyi vijana mnaoomba nimalize upesi kabla petroli ya grupu haijaisha: tulieni. Anayesema nanyi ni Profesa wa Mbio Zisizotoa Jasho. Cheo hiki sikupewa na chuo. Vyuo vilichelewa, nikajipa mwenyewe.

Mada yetu ni bonasi ya mbio katika michezo ya video ya kurukaruka. Kwanza niwafukuze wapotoshaji. Wako watu hapa, tena wenye ndevu, wanaodai kwamba nyota ya Mario ni bonasi ya mbio. Uongo! Nyota ile ya mwaka 1985 humkinga na maadui tu. Mbio Mario anazipata kwa kubonyeza B, bila malipo, na hata mjinga ana kidole.

Bonasi halali ni ya Sonic, kalunguyeye wa buluu aliyetolewa na Sega mwaka 1991. Anavunja kisanduku chenye picha ya kiatu, muziki unaharakishwa, na kwa sekunde 20 hakamatiki. Ninyi mnashangilia. Mimi napiga hesabu. Bila viatu, akikimbia kwa miguu yake mwenyewe, upeo wake ni nukta 6 kwa kila picha, akivivaa, 12. Kwenye mashine ya picha 60 kwa sekunde, hizo ni nukta 720, na kioo kizima kina upana wa nukta 320. Sonic yuko katikati, kwa hiyo mbele yake anaona nukta 160 tu. Gawanyeni! Picha 13 na ushee, yaani chini ya robo sekunde tangu mwiba uonekane hadi umchome. Ndiyo maana nafundisha kwamba bonasi ya mbio haiongezi mbio, inapunguza macho.

Na breki je? Hapa ndipo wenzangu wote, kama ningekuwa na wenzangu, walipolala. Mafundi wa Sega walizidisha upeo mara mbili, wakazidisha na kasi ya kuchanganya miguu, lakini nguvu ya kusimama wakaiacha ilivyokuwa. Mwenye pikipiki anayeteremka kutoka Kirungu mvua ikinyesha hahitaji muhadhara huu, ila ada atalipa.

Kuna pia Super Metroid ya mwaka 1994. Shujaa wake, Samus, akishapata kifaa chake cha mbio, hakimfai kitu mpaka apate uwanja mrefu wa kukimbilia. Ndipo anawaka na kuvunja matofali. Sitalieleza zaidi, ni somo la mwaka wa pili.

Sasa sikilizeni, watu wa ziwani, maana hili linawahusu. Katika mchezo ule wa kwanza wa Sonic, akiingia majini na viatu vyake, maji yanamrudisha kwenye mwendo wa wazamiaji wote. Akirudi nchi kavu, mwendo ni ule wa kila siku. Muziki bado unakimbia, miguu haikimbii! Wataalamu wa mbali wanasema ni kosa la programu: hesabu ya maji inafuta hesabu ya viatu. Kosa? Yeyote aliyeshuka kwenye boti hapa bandarini akiwa na viatu vipya anajua kwamba mtengenezaji alifanya utafiti wake Tanganyika.

Maswali? Wewe mwenye maneti mkononi, teremsha mkono. Najua unataka kuuliza kwa nini jana, mbele ya umati huu, ulifika mwisho wa ngazi ile nami nikiwa bado nazama kwenye maji ya kwanza. Swali hilo ni la utekelezaji. Mimi ni mtu wa nadharia. Mwingine? Hakuna. Ada ni franga 500, na wanaosimama dirishani nao nimewahesabu.