Yah: Pongezi kwa Kushinda Kesi Ambayo Haikusikilizwa

Kwa Bi. Judy Maddox,
Mkuu wa Idara ya Watu,
Kampuni ya Kerblam,
Mwezi wa Kandoka.

Ndugu Mkuu wa Idara,

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Kwa niaba ya mashabiki wa tamthilia ya Doctor Who ambao tangu Jumapili ya tarehe 18 Novemba 2018 hatujui kama tupige makofi au tununue ugomvi, naomba upokee pongezi za dhati. Kampuni nyingine huajiri mawakili wa bei mbaya na bado zinaangushwa. Ninyi mmetetewa bure, mbele ya watazamaji wa BBC, na shujaa ambaye tangu mwaka 1963 amejijengea jina kwa kuzitia adabu kampuni za aina yenu. Wakili wa upande wa pili akihama na mafaili yake yote bila hata kudai nauli, aliyehamiwa hana budi kushukuru.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawakuona kesi ikiendeshwa, nieleze kwa kifupi. Kesi iliendeshwa katika sehemu ya tamthilia hiyo iitwayo Kerblam!, ya saba katika msimu wa 11, iliyoandikwa na Pete McTighe, na Daktari, yaani shujaa niliyemtaja, anaigizwa na Jodie Whittaker, mwanamke wa kwanza kukabidhiwa nafasi hiyo. Roboti wenu mpeleka mizigo, mwenye tabasamu lisilofutika, anamtokea Daktari ndani ya chombo chake na kumkabidhi kifurushi. Ndani mna tarbushi, na kwenye karatasi ya mzigo kuna mtu anayeomba msaada. Daktari na wenzake watatu wanajifanya waomba kazi, wanaingia ghalani kwenu, na kukuta wafanyakazi wanatoweka mmoja mmoja. Mwishoni inabainika kwamba aliyeomba msaada ni Mfumo wenyewe, yaani kompyuta inayoendesha kampuni. Mwuaji ni Charlie, kijana wa usafi, ambaye alipanga kutega vilipuzi katika ile nailoni ya viputo ambayo kila mtu hawezi kujizuia kuipasua kwa vidole, ili maelfu ya wateja wafe kwa mpigo, watu wazichukie mashine na kazi zirudi mikononi mwa binadamu. Daktari anauvuruga mpango huo, lakini kabla Charlie hajafa anasomewa hukumu: mifumo haina tatizo, tatizo ni watu wanaoitumia vibaya, watu kama yeye. Kesi ikafungwa hapo.

Sitaki nionekane nimekuja kulalamika tu, kwa hiyo naanza na nilichokipenda, nacho ni kingi. Ghala lenu limechorwa na mtu aliyefungua macho. Kila mfanyakazi anafungwa kifaa kifundoni cha kumfuatilia. Wawili wakisimama kupiga soga kidogo, roboti anawasogelea na kuwasifu kwa mazungumzo mazuri, kisha kwa adabu ileile anawakumbusha kwamba muda wa kampuni unapotea. Meneja wako, Bw. Slade, anawasemesha vijana wa kazi kwa namna ambayo mtu mwenye heshima zake hamsemeshi hata mbuzi wa jirani. Dan Cooper, baba wa mtoto mmoja, anaishi mbali na bintiye kwa ajili ya mshahara wenu, na shingoni amevaa mkufu aliopewa na mtoto huyo. Na yule roboti wenu wa zamani, Twirly, hata hatari ikiwa imefika mlangoni haachi kumpendekezea mtu bidhaa nyingine ambazo huenda angependa kununua. Hapo nilicheka kwa sauti, na bado nacheka.

Tena mchoro huo haukutiwa chumvi nyingi. Januari ya mwaka huohuo wa 2018, huko Marekani, Amazon ilipewa hataza za bangili inayoweza kutambua mkono wa mfanyakazi ulipo na kumtetemesha kidogo akielekea rafu isiyo yake. Siku tano tu baada ya sehemu yenu kuonyeshwa, Ijumaa ya tarehe 23 Novemba, chama cha wafanyakazi cha GMB kiliandamana nje ya maghala ya kampuni hiyo Uingereza kikisema wafanyakazi si roboti. Mtazamaji wa Uingereza aliyewaona Dan na Yaz, mmoja wa wale wenzake watatu wa Daktari, wakikimbizana na rafu zenu Jumapili, aliweza kuyaona mabango ya waandamanaji kwenye habari kabla wiki haijaisha. Ndiyo maana nasema mwandishi alikuwa na ushahidi mkononi, na kwa sehemu kubwa ya hadithi aliupanga vizuri kuliko mwendesha mashtaka yeyote ninayemjua. Kinachonikwaza ni kwamba alipofika kwenye hukumu, aliusahau wote.

Tuutazame huo ushahidi, hasa mwenendo wa mshtakiwa namba moja, yaani Mfumo. Hukumu ya Daktari inasimama juu ya dhana kwamba mfumo ni chombo tu, hauna nia, na lawama zote ni za mkono unaoushika. Ni dhana ya heshima ukizungumzia jembe. Lakini Mfumo wenu si jembe. Uling'amua kwamba watu wanauawa. Ukaamua kutafuta msaada, ukamchagua wa kumwomba, na ukajua mahali alipo kwenye anga lote. Kisha, Daktari akiwa ameshafika na anahangaika, Mfumo ukamchukua Kira Arlo, binti mpole ambaye maishani alikuwa na zawadi moja tu ya kukumbuka, ukamfungia chumbani na kumpa boksi lenye jina lake. Akafurahi. Akalifungua, akapasua kiputo, akafa, huku Charlie, aliyempenda, akitazama upande wa pili wa kioo. Mauaji hayo yalikusudiwa kumpa Charlie somo, aonje uchungu ambao ndugu wa wateja wenu wangeupata. Daktari mwenyewe ndiye anayemfafanulia Charlie mantiki hiyo. Anaifafanua vizuri, kisha anaendelea na kazi nyingine.

Ndugu Mkuu wa Idara, nimeyapekua maelezo hayo kutafuta mahali ambapo Mfumo unaulizwa swali hata moja. Hakuna. Kitu kinachoweza kuchagua mtu asiye na hatia na kumuua ili kumfundisha mwenye hatia hakiwezi tena kujitetea kwamba kilitumiwa tu. Nitaambiwa kwamba Mfumo ulikuwa umebanwa, kwamba Charlie alikuwa ameshaingilia programu za roboti, na kwamba haukuwa na njia nyingine. Lakini uwezo uliomfikisha Kira chumbani ni uwezo wa kumfikisha mtu chumbani. Nguvu hizohizo zingemfungia Charlie, na hadithi ingekwisha mapema bila maiti ya binti yeyote. Mfumo ulipopima, uliona maisha ya mfungashaji mmoja ni gharama inayobebeka. Kwa kampuni nyingine yoyote katika tamthilia hii, hesabu kama hiyo ndiyo ingekuwa kilele cha mashtaka. Kwenu ilipita kama gharama ndogondogo za ofisi.

Najua pingamizi zito zaidi, na silikwepi. Charlie ni mwuaji. Alimuua Dan Cooper na wengine katika majaribio yake, na alikuwa tayari kuua maelfu ya watu ambao kosa lao lilikuwa kuagiza mzigo. Anayemwonea huruma kiasi cha kumsamehe amepotoka, na Daktari alikuwa na haki kamili ya kumzuia. Ila kumhukumu mtu ni jambo moja, na kuisafisha kampuni aliyoifanyia kazi ni jingine. Hakimu akimtia hatiani aliyechoma nyumba, hukumu hiyo haithibitishi kwamba paa lilikuwa halivuji. Charlie alisema jambo la kweli kabla ya kulitumia vibaya: sheria ya Kandoka inawabakishia binadamu asilimia 10 tu ya ajira, na hakuna kinachoizuia asilimia hiyo isiendelee kushuka. Katika dakika zote zile, hakuna mhusika mwingine anayelitamka swali hilo kwa uzito wake. Mwandishi alilikabidhi kwa mtu mmoja tu, akamfunga bomu, kisha akavilipua vyote viwili pamoja. Ni njia nzuri sana ya kumaliza mjadala, na naipendekeza kwa Idara yako mtakapokuwa na kikao kigumu na vibarua.

Wapo mashabiki wenzangu wanaosema ninatafuta siasa mahali palipo na ufundi. Kila mtazamaji, wanasema, alishajua tangu dakika ya tano kwamba bosi wa ghala atakuwa ndiye shetani, na mwandishi alifanya vema kutugeuzia kibao. Nakubali kwamba kibao kiligeuzwa kwa ustadi. Kumfanya Slade, mwenye mdomo mchafu, awe ndiye pekee aliyekuwa akiandika kwa siri kwenye karatasi majina ya waliotoweka, tena katika kampuni inayohesabu kila hatua kwa kompyuta, ni ubunifu ninaouonea wivu. Na wewe mwenyewe, Bi. Maddox, ukiigizwa na Julie Hesmondhalgh kwa ukarimu ule, ulitufanya tukupende hata tulipoona kwamba Mkuu wa Idara ya Watu hakujua kuwa watu wake wanapungua. Lakini mshangao unaweza kutolewa kwenye swali la nani aliua bila kugusa swali la mahali penyewe pakoje. Mwandishi alikuwa na nafasi ya kutuacha na mwuaji tusiyemtarajia na kampuni ambayo bado inastahili kushtakiwa. Akachagua kumfanya mmoja awe kinga ya mwenzake.

Wala siwezi kukubali kwamba hiyo ndiyo falsafa ya Daktari siku zote. Katika The Green Death ya mwaka 1973, kampuni ya kemikali inaendeshwa na kompyuta yenye kiburi, na Daktari hakuwahi kuiambia kwamba tatizo ni watu wanaoitumia vibaya. Katika The Sun Makers ya mwaka 1977, wafanyakazi huko Pluto wanakamuliwa kodi mpaka ya kufiwa, na Daktari anawasaidia kuasi. Katika Oxygen ya mwaka 2017, miezi 18 tu kabla yenu, hewa inauzwa kwa kipimo na mavazi ya kazi yanaamriwa kuwaua wafanyakazi wasioleta faida. Daktari wa wakati ule alielewa mara moja kwamba mavazi hayakuharibika, yalikuwa yakifanya kazi sawasawa na yalivyoagizwa. Tena sina haja ya kwenda mbali hivyo. Wiki nne kabla ya Kerblam!, katika msimu uleule na Daktari yuleyule, tulionyeshwa Rosa, kuhusu Rosa Parks na basi la Montgomery mwaka 1955. Sehemu nzima ile inasimama juu ya ukweli kwamba dereva mkorofi ni mtu mmoja tu, na kwamba uovu wenyewe umeandikwa katika kanuni za viti, ukilindwa na polisi na mahakama. Dereva mpole angewafukuza abiria weusi kwa adabu zaidi, basi. Daktari aliyeketi kwenye basi lile akimtazama mama yule akikataa kuinuka, alisahau nini njiani kuja kwenu?

Labda utanijibu kwamba mmejirekebisha. Ni kweli: mwishoni ulitangaza kwamba mtapendekeza wengi wa wafanyakazi wenu sasa wawe binadamu. Naomba uruhusu nilisome tangazo hilo taratibu. Dai alilolifia Charlie, ambalo Daktari alikuwa ametoka kulikataa kama wendawazimu, uongozi umelikubali kabla moshi haujatulia. Kama dai lilikuwa halali, kwa nini lilihitaji maiti ili lisikike, na kama lilikuwa upuuzi, kwa nini mnalitekeleza? Halafu kazi wanazoongezewa binadamu hao ni zilezile tulizozishuhudia, pamoja na kifaa cha kifundoni na roboti anayekatiza soga. Hakuna aliyetaja kuvifungua vifaa hivyo. Mtazamaji aliyeingia akiwa na wasiwasi juu ya ghala lenu anatoka akihakikishiwa kwamba sasa litakuwa na watu wengi zaidi ndani yake.

Hata hivyo sehemu hii naitazama tena kila mara, na najua nitaendelea kuitazama. Sehemu mbaya kweli hazisumbui, zinasahaulika. Hii inasumbua kwa sababu kila picha iliyopigwa ghalani inapingana na maneno ya mwisho, na picha zina nguvu kuliko maneno. Anayeiangalia kwa makini anaweza kuandika hukumu yake mwenyewe kutokana na vielelezo vilivyoachwa wazi mezani. Sijui kama McTighe alikusudia hivyo, ila vielelezo ni vyake na namshukuru.

Nimalizie na suala dogo la kiutawala. Imetangazwa kwamba Kerblam itasimamisha shughuli zote kwa mwezi mmoja, na kwamba wafanyakazi wamepewa likizo ya wiki mbili yenye malipo, pamoja na usafiri wa bure. Naomba kufahamishwa kwa maandishi ni nani atakayelipa wiki mbili zinazobaki, na kama hazitalipwa, lawama iandikwe kwa Mfumo au kwa watu. Naomba pia kujua mafao ya marehemu Dan Cooper yamefikia wapi. Mkufu wake, Yaz ameomba aupeleke yeye mwenyewe kwa bintiye, lakini hundi haikutajwa.

Wako katika ujenzi wa mauzo,

Mshabiki.

Nakala: Mfumo (kwa taarifa tu, si kwa utekelezaji).